Waya Si Kitasa

Kuna rai iliyoenea baina ya wenye magari na mafundi wa njia hii itokayo Singida kwenda Nzega, nayo imekita mizizi kiasi kwamba anayeitilia shaka huonekana mtu atafutaye udhia pasipo udhia: kwamba gari la michezo likiisha kuzeeka, na vitasa vya kukunjia viti vyake vya nyuma vikawa vikavu na vigumu, havifunguki ila kwa kugongwa wala havifungi ila kwa kusukumwa kwa goti, basi jambo hilo ni dogo, halistahiki saa wala shilingi ya mtu timamu, na dawa yake ni kipande cha waya. Kauli hiyo nimeisikia Misigiri, nimeisikia Shelui, na hapa Sekenke, chini ya mteremko, ninaisikia karibu kila wiki kutoka vinywani mwa watu ninaowaheshimu. Ninaipinga, nami nitasema kwa nini.

Kwanza niieleze kwa insafu, maana wenye rai hiyo si wajinga. Wanasema kwamba gari kama Toyota Celica lilibuniwa kwa ajili ya dereva na mwenziwe wa mbele, na kiti cha nyuma kikawekwa kama hisani tu; kwamba mwenye shilingi chache yampasa kutengeneza breki, springi na matairi kabla ya kitu chochote kingine; kwamba kitasa kilichokwama, aghalabu, kimekwama hali kimefunga, na kilichofunga hakina dhambi; na kwamba huku kwetu hatuna vifaa wala vipuri vya kazi ndogo kama hiyo, kwa hiyo mwenye shida na anunue kiti kizima cha mtumba, ama afunge waya, ama azoee. Zikikusanywa pamoja hoja hizi hupendeza sikioni. Zikitazamwa moja moja, sioni isimamayo.

Hoja ya kwanza: kwamba nyuma hapakai mtu

Hoja hii hukanushwa na macho. Asimame mtu kando ya barabara siku ya gulio, au siku ya msiba, alitazame gari la milango miwili linaposhuka kutoka juu, naye ataona vichwa nyuma, na vichwa hivyo vingi ni vya watoto, kwa sababu mtu mzima haenei pale ila kwa kukunja magoti hadi kidevuni. Kiti alichokiweka mbunifu kwa hisani sisi tumekifanya kiti cha watoto wetu; kwa hiyo kitasa tunachokiita kidogo ndicho kilichokabidhiwa viumbe wadogo kuliko wote waliomo garini, na anayesema nyuma hapakai mtu anasema, pasipo kukusudia, kwamba mtoto si mtu.

Na nyuma ya mtoto kuna mzigo. Katika gari la namna hii, ambalo mlango wake wa buti hufunguka pamoja na kioo, hakuna ukuta wa bati baina ya buti na abiria. Kilichopo ni egemeo la kiti, nacho kinacholishika egemeo lisimame ni kitasa chenye ukubwa wa kiganja. Mzigo wa Singida unajulikana: ni mafuta ya alizeti, yanayouzwa kandokando ya barabara kuu katika madumu ya lita 20, na msafiri aendaye Mwanza au Tabora hapiti bila kununua moja au mawili. Mafuta hayo ni mepesi kidogo kuliko maji, hivyo dumu moja lina kilo 18 na ushei. Sasa na izingatiwe Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, ihusuyo uimara wa viti vya magari: jaribio lake la mizigo huweka nyuma ya egemeo vipande viwili, kila kimoja kilo 18, kisha mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukatwa ghafla, na egemeo pamoja na vitasa vyake halina ruhusa ya kuachia. Vipande viwili vya kilo 18 ndiyo madumu yetu mawili, sawasawa. Katika kishindo cha namna hiyo, nguvu ikifika mara 20 ya uzito wa kitu, dumu moja husukuma kama kitu cha kilo 360, na mawili kama kitu cha kilo 720. Haya ndiyo tunayomwachia mtoto mgongoni tunaposema kitasa ni pambo.

Wapo wanaojibu kwa fahari ya mashindano, wakisema kwamba Celica ilishinda Safari Rally miaka ya 1984, 1985 na 1986, ikashinda tena 1990, kisha ikashinda mfululizo tangu 1992 hadi 1995, na 1994 aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Ian Duncan, Mkenya. Na magari yale hayakuwa na viti vya nyuma hata kidogo. Ni kweli tupu, wala sina haja ya kuipunguza. Lakini wale waliong'oa viti waliondoa na abiria wake, wakasimamisha mabomba ya chuma ndani ya gari, na kila kilichosafirishwa nyuma kikafungwa kwa mikanda madhubuti. Hakuna aliyekiacha kiti mahali pake, kikashikwa nusu, kisha akampandisha mtoto juu yake. Anayetaka kuiga mashindano na aige yote.

Hoja ya pili: kwamba waya unatosha

Ninakiri kwamba kwa muda mimi nami nilikuwa mfuasi wa waya. Celica niliyonayo ni ya kizazi cha sita, kile kilichotengenezwa tangu 1993 hadi 1999, na kitasa chake cha kushoto kilipoanza kukataa kushika, fundi wa gereji moja alichukua waya wa kufungia nondo, akaupitisha nyuma ya egemeo hadi kwenye kitanzi cha chuma kilichoshikamana na mwili wa gari, akausokota kwa koleo mara sita, akaniambia, "Mzee, hapo hata tembo hatoki." Nikaridhika. Miezi miwili baadaye nilikuwa nashuka mteremko wa Sekenke, madumu mawili kwenye buti na mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka saba, nyuma yangu, nilipokuta ng'ombe wanakatiza barabara baada ya kona. Nilikanyaga breki. Sikugonga kitu, gari lilisimama hatua kumi kutoka kwa ng'ombe wa mbele, na kwa hesabu ya dereva safari ile ilikuwa salama. Nilipogeuka nikaona egemeo limelala nusu, dumu moja limemwegemea mtoto kati ya bega na shingo, naye amebanwa baina ya dumu na mkanda, maana mkanda humzuia mtu asiende mbele, hauna la kufanya na kitu kijacho kutoka nyuma. Shingo ilivimba siku nne.

Waya haukukatika. Ninaomba jambo hili lisomwe polepole, kwa sababu ndimo ilimo siri yote ya hoja hii: waya haukukatika, ulifunguka. Misokoto sita ilikuwa imebaki miwili. Waya wa nondo hulainishwa kwa moto kiwandani ili mkono wa fundi uweze kuusokota bila taabu, na ulaini huo huo unaomrahisishia fundi ndio unaousaliti mzigo. Kila breki ndogo, kila tuta, kila shimo huuvuta kidogo, nao haurudi, hata siku ya breki kubwa inapofika hukuta kazi nusu imekwisha fanyika. Kitasa hakishiki kwa kubana. Kinashika kwa umbo lake, chuma kigumu ndani ya chuma kigumu, wala hakijui kuchoka kwa namna ile. Isitoshe, waya una hasara nyingine isiyoonekana: humwondolea mwenye gari hofu. Kitasa kibovu humsumbua kila siku, na usumbufu ni ukumbusho. Waya humnyamazisha, akasahau.

Nawashangaa zaidi ndugu zetu wachimbaji, nao si wachache katika kutetea waya. Sekenke ilichimbwa dhahabu na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo wachimbaji wadogo wanashuka katika maduara, ndiyo mashimo yao, kutafuta riziki. Mchimbaji wa hapa haingii duarani asubuhi kabla hajaitazama kamba kwa jicho na kwa kidole, wala hakubali kushuka mahali ambapo matimba yanayozuia ukuta yamefungwa fungwa ovyo. Mtu huyo huyo, jioni, humketisha mwanawe mbele ya madumu yaliyozuiwa na waya uliosokotwa mwezi uliopita. Kipimo alichokitumia asubuhi kimekwenda wapi?

Hoja ya tatu: kwamba kilichokwama kimefunga

Hapa ndipo penye kosa kubwa la elimu, nami nitakaa kidogo. Ndani ya kitasa cha kiti mna vitu vitatu vya kuangaliwa. Kuna ukucha, kipande cha chuma kinachozunguka na kukikumbatia kile kitanzi cha mwilini mwa gari. Kuna kidole, kinachoangukia nyuma ya ukucha ili usirudi. Na kuna springi inayokisukuma kidole kiangukie mahali pake. Kishikio cha begani mwa egemeo hukivuta kidole kwa ufito, au kwa waya mfano wa ule wa breki ya baiskeli uliomo ndani ya ala yake. Kinachoshika si ukucha. Kinachoshika ni kidole. Ukucha bila kidole ni mlango uliorudishwa bila komeo.

Sasa gari la miaka 25 au 30, lililopita mara nyingi katika vumbi la bonde la Wembere, grisi yake ya kiwandani imekwisha kauka na kuchanganyika na vumbi hilo, ikawa kitu cheusi kizito kama ugoro uliolowa. Ukucha husukumwa na uzito wa kiti, basi hata ukiwa mzito utazunguka na kukikumbatia kitanzi. Kidole kina springi ndogo tu ya kukisukuma, na springi hiyo haiwezi kushindana na ule uchafu. Matokeo yake ni kwamba egemeo husimama, linaonekana limefungwa, ukilitikisa kwa mkono mmoja halitoki, ilhali kidole kimening'inia nusu ya njia na kinachoshikilia yote ni msuguano. Kwa hiyo ugumu si dalili ya kwamba kitasa kimefunga sana. Ugumu ni dalili ya kwamba hujui kama kimefunga. Na kile kilichokwama kweli kweli, kisichofunguka kabisa, nacho kina hatari yake: katika gari la milango miwili, milango hiyo ikipindika katika ajali, aliye nyuma hana pa kutokea ila kwa buti, na kiti kilichokataa kulala ni ukuta.

Wapo wanaofika hadi hapa, wakakubali, kisha wakasema: basi pulizia mafuta ya kopo, au mimina oili chafu. Mafuta ya kupenya yalifanywa yaingie kwenye kutu na kuilegeza. Yakiisha kazi hiyo huruka, na yanaporuka yamekwisha iosha hata ile grisi chache iliyobaki, ukabaki chuma kikavu kinachosubiri vumbi jipya. Oili chafu, iliyotolewa injini, imebeba masizi na chembe za chuma. Kuitia katika kitasa ni kutia msasa. Kitasa hulainika siku tatu, kisha huwa kigumu kuliko kwanza, na fundi husifiwa kwa zile siku tatu.

Lililo sahihi si gumu. Kabla ya kushika spana, laza egemeo, kisha chukua bisibisi uusukume ukucha kama kwamba umeingia kitanzini, halafu vuta kishikio. Ukirudi kwa wepesi, na kidole kikilia mlio mmoja mkavu kila ukifunga, kitasa hakina ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye kitanzi kilichosogea au kupindwa kwa kusukumwa na magoti ya miaka, au kwenye kitambaa alichokitia mtu ili kuzuia kelele baada ya mpira wa kitanzi kupotea. Hapo mafuta yote ya dunia hayatafaa kitu. Utaweka alama ya chaki kuzunguka kitanzi, utalegeza bolti, utakisogeza kwa upana wa ukucha wa mkono, utakaza na kujaribu tena. Ikiwa kitasa chenyewe ndicho kizito, kinashuka: unainua pambizo la kitambaa cha kiti, unafungua bolti zake, unakitumbukiza katika mafuta ya taa usiku kucha, na asubuhi unakisugua kwa mswaki wa meno uliochakaa, hasa pale kidole kinapozungukia, mpaka chuma kionyeshe rangi yake. Kisha unakikausha kabisa. Grisi inapakwa kwa ncha ya kidole, kwenye mihimili na uso wa ukucha tu. Anayeijaza kama ajazaye kibuyu anaandaa matope ya mwaka kesho. Waya wa ndani ya ala unatiwa matone ya mafuta mepesi, si grisi, na kama nyuzi zake zimeanza kukatika unabadilishwa. Kabla ya kurudisha kitu chochote, jaribu kwa bisibisi mara kumi. Mara tisa haitoshi, kwa sababu kitasa kinachokosea mara moja katika kumi kitachagua siku yake.

Hoja ya nne: kwamba heri kununua kingine

Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane. Tanzania haikuweka ukomo huo, bali hutoza ushuru zaidi kwa uchakavu, na ndiyo maana magari yetu ya michezo ni wazee. Vipuri vyake vya mtumba ni wazee vilevile. Anayesafiri zaidi ya kilomita 700 hadi Dar es Salaam, au anayelipa kuletewa kiti kizima kwa basi, analetewa kitasa chenye umri ule ule, grisi iliyokauka ile ile, na vumbi la mji mwingine. Tena kitanzi kinachokishika kimebaki katika gari lake, kimechakaa kwa kufuata ukucha wa zamani, na vitu viwili hivyo havijuani. Amelipa bei ya kiti apate ugonjwa aliokuwa nao.

Hoja ya tano: fedha na vifaa

Hii ndiyo hoja niiheshimuyo zaidi, kwa sababu umaskini si uzushi. Breki zitangulie, sina ubishi. Lakini hoja ya kipaumbele hufaa pale ambapo vitu viwili vinashindania fedha ile ile, na kitasa hakishindani na breki kwa fedha: kinataka mafuta ya taa ya kujaza kikombe, mswaki uliokwisha kazi yake, grisi kidogo, na usiku mmoja. Mimi nilitumia fedha nyingi zaidi kwa dawa za kuchua shingo ya mtoto.

Na wale wasemao kwamba huku kwetu hatuna vifaa vya kazi ndogo, niwakumbushe dhahabu ya mahali hapa hapa. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na kukatiwa njia ya bahari, waliichukua dhahabu ya Sekenke hadi Tabora, wakaifanya sarafu ya rupia 15, yenye tai upande mmoja na tembo mbele ya mlima upande mwingine. Hawakuwa na nyumba ya kupigia sarafu. Walikuwa na karakana ya reli, yenye zana za kutengenezea mabehewa, na zana hizo zikalazimishwa kufanya kazi ya unyoya wa tai. Siisifu serikali ile, ambayo dhahabu haikuwa yake. Nasema tu kwamba chuma cha behewa kiliweza kuchora mkonga wa tembo juu ya kipande kidogo kuliko kitasa, katikati ya vita, nasi tuna bisibisi, spana na mchana mzima wa amani.

Jumamosi ile nilipokirudisha kitasa mahali pake, mjukuu wangu ndiye aliyenishikia taa. Nilimwambia alisimamishe egemeo yeye mwenyewe. Alilisukuma kwa kiganja kimoja, likalia mlio wake mkavu, akanitazama, kisha akavuta kishikio likalala, akalisimamisha tena, na tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Tangu siku hiyo haketi kabla hajalishika egemeo kwa mikono miwili na kulivuta kwake kwa nguvu zake zote, kushoto kwanza, kisha kulia. Nami humngoja amalize ndipo niwashe gari.